Gunia la Uzi wa Buluu

Watu wa Uvira wakiamua kwamba mtu amerukwa na akili hawamsubiri daktari. Mwaka ziwa lilipopanda kwa mara ya pili, waliamua hivyo juu ya Thaddée Habonimana, kwa sababu kila asubuhi alionekana akikunja suruali, akiingia majini mpaka kiunoni na kupotelea ndani ya jengo la zamani la Radio Kengele, panga mkononi. Kukunja suruali kunasaidia nini maji yakifika kiunoni, sijui, lakini ndivyo alivyokuwa, mtu wa kufanya mambo kwa utaratibu wake. Habari waliniletea sokoni, kwenye meza yangu ya vitenge, huku wanacheka. Niliwaambia waende wakacheke kwao. Mimi ni Mwavita, niliyesoma matangazo katika redio ile miaka kumi na minane, na Thaddée ndiye aliyekuwa fundi wetu. Sikuwahi kumwona akifanya jambo lisilo na sababu, na kwa hiyo nilicheka kidogo kuliko wao na kuogopa zaidi.

Jengo lenyewe nalijua kuliko yeye. Lilikuwa depo ya babu yangu Bilal, ya chumvi na samaki wakavu, la mawe matupu, limejengwa ufukweni upande wa Kalundu enzi zile mizigo ikivuka ziwa kutoka Kigoma. Babu alikufa, biashara ikamfuata, na baba yangu akawapa watu wa redio depo lile mwaka 2002 kwa sababu popo walikuwa wamelizidi nguvu. Chumba cha nyuma, kilichokuwa cha chumvi, kikawa studio. Kuta zake zilitoa jasho la chumvi mwaka mzima na nyaya zikawa zinaliwa kabla hazijazeeka. Juu kulikuwa na mabati bila dari. Mvua ikinyesha hatukuweza kusoma kitu, tunaweka muziki tu, na watu wa bonde la Ruzizi walizoea: wakisikia rumba mfululizo saa ya habari, wanajua Uvira inanyesha. Dirisha tuliliziba kwa godoro. Taa nyekundu ya mlangoni iliungua mwezi wa kwanza, na Thaddée akatundika kikombe chekundu cha plastiki mahali pake. Kikombe kikining'inia, hata mkurugenzi hakuingia.

Siku hizi vijana wana redio zao ghorofani, kuta zimefunikwa sponji ya kununua, kompyuta inasema yenyewe na mtangazaji anacheza na simu. Sawa, sauti yao ni safi. Lakini hakuna mmoja wao anayeweza kukuambia ukuta wake umejaa nini. Sisi tuliweza.

Ukuta wetu ulijaa komunike. Wakati ule simu zilikuwa za wakubwa, na mtu wa Uvira mwenye ndugu Luberizi, Mutarule au Mulenge alileta karatasi kwetu: mtoto amezaliwa, ng'ombe amepotea, mama anaumwa, baba amefariki, mazishi kesho. Kabla ya kusoma tulipiga kengele ya baiskeli iliyofungwa mezani kwa waya. Kengele moja kwa jambo la walio hai, kengele tatu kwa kifo. Kule bondeni, mtu akisikia ya pili inafuata ya kwanza, anaacha jembe na kusogelea redio. Karatasi ikisomwa, unaikata pembe moja kwa mkasi ili isisomwe mara mbili, unapiga alama nyekundu katika daftari kubwa, basi, imekwisha. Na kwa kuwa studio ilikuwa na mwangwi mbaya, kila neno likirudi kutoka kwenye mawe kukujibu, Thaddée alipata wazo. Alikuwa amesikia kwamba trei za mayai zinaua mwangwi, lakini mama muuza mayai alitaka trei zake zirudi. Kwa hiyo alichukua magunia ya mchele, akayajaza zile karatasi zilizokwisha kusomwa, akayashona mdomo na kuyapigilia misumari ukutani moja baada ya jingine, mpaka studio nzima ikavaa magunia. Mwangwi ukafa. Nilikuwa nakaa mle nikisoma vifo vya leo, nimezungukwa na vifo vya mwaka jana, na sikuwahi kuona ajabu yoyote.

Thaddée alizaliwa Mutarule, kwa wakulima, na ufundi aliupata kwa kukaa karibu na fundi umeme wa misheni na kumpa bisibisi kabla hajaomba. Alikuja Uvira kijana, akatengeneza redio za watu sokoni, akamwoa Claudette, wakapata watoto watano. Alipanda mnara wetu kwenye upepo bila kamba. Alikuwa mpole mno, mpaka nilikuwa namtukana makusudi nione kama atanijibu, na hakunijibu. Mimi nilisoma komunike za saa sita mchana. Za saa kumi na mbili jioni alizisoma yeye, kwa sababu mimi nilikuwa na nyumba ya kurudia. Alisoma kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, na watu waliipenda.

Simu zilipoenea, tukapata ugonjwa mwingine: wasikilizaji kutupigia. Mmoja nilimwita baba wa Luberizi. Hakutaja jina hata siku moja. Alipiga mara tu nikimaliza za mchana, na swali lake lilikuwa lile lile: “Mama wa komunike, ya Luberizi zote zimesomwa? Haiko yenye imebakia?” Nilimjibu vizuri mwaka wa kwanza. Baadaye nikaanza kumtania hewani, “Weye baba wa Luberizi, unangojea nani? Bibi alikukimbia?” na mji mzima ukicheka. Yeye alikuwa anacheka pia kidogo, anashukuru, anakata. Na kila alipopiga, Thaddée alikumbuka kitu cha kurekebisha kwenye jenereta na kutoka nje. Niliona. Nilidhani jenereta ni mbovu.

Maji yalitufukuza mwaka 2020. Ziwa lilipanda, likaingia mpaka kwenye meza, mkurugenzi Sylvestre akachukua mitambo, na Radio Kengele ikafa bila hata kupigiwa kengele tatu. Kisha maji yakashuka kidogo, tukasema pengine tutarudi. Yaliporudi hayakuwa na mzaha.

Basi siku ile nilifunga meza yangu na kwenda. Nilisimama juu ya mawe ya barabara iliyokatika, nikaona mabati ya babu yamelala upande mmoja na maji yakitoka na kuingia mlangoni yapendavyo. Nilipiga kelele.

“Thaddée! Weye unatafuta nini mule? Ukuta itakuangukia!”

“Mama Fadhila, rudia ku soko,” alijibu kutoka ndani, akiniita kwa jina la mwanangu. “Hii haiko kazi yako.”

“Nyumba ya babu yangu, unaniambia haiko kazi yangu?”

Alitoka na gunia begani, maji yanamchuruzika, mzee wa miaka sitini na saba mwenye miguu myembamba. Alilibwaga juu ya mawe, akalitazama mshono, akatikisa kichwa.

“Haiko yenyewe. Yenyewe iko na uzi ya buluu.”

“Yenyewe nini?”

Alikaa chini juu ya lile gunia bovu. Nilimjua vya kutosha kunyamaza, jambo ambalo kwangu si dogo.

“Iko komunike moja yenye sikusomaka,” alisema. “Niliiweka mu gunia muzima, haijakatwa hata pembe. Mwaka elfu mbili na tano. Ya mwalimu Marie.”

Alinieleza akiwa anatazama maji. Ilikuwa Jumamosi, mimi nimekwisha kusoma za mchana na kwenda zangu. Marie, mwalimu wa shule ya msingi ya Mulongwe, alileta karatasi. Baba yao, mzee Ndayiragije, alikuwa anaumwa nyumbani kwake na anamwita mtoto wake mkubwa, Nizigama, mkulima wa mpunga Luberizi. Thaddée aliiandika katika daftari na kuiweka kwenye kikapu cha jioni. Saa tisa ikaja kwaya ya parokia kurekodi, watu ishirini, na pembe moja ya studio ikawa inarudisha sauti. Alichukua gunia haraka, akamwaga karatasi za kikapu cha zilizosomwa, na kwa kuwa halikujaa, akamwaga na kikapu cha pili bila kutazama. Uzi mweupe ulikuwa umekwisha, akashona kwa uzi wa buluu wa Claudette. Akapigilia. Kwaya ikaimba vizuri sana. Jioni alikuta kikapu kitupu, akasema leo hakuna komunike, akaweka muziki.

“Jumatatu Marie akarudi,” alisema Thaddée. “Njo nikakumbuka. Nikiwa nyuma ya mulango, nikasikia sauti yake, nikakumbuka mara moja.”

Hapo hakuhitaji kuendelea, kwa sababu na mimi nilikumbuka. Nilikuwa nimekaa mezani. Marie aliingia na kitambaa cheusi kichwani, na karatasi ya kifo mkononi: baba alikuwa amefariki Jumapili. Aliuliza kwa nini kaka yake hakuja, wakati baba alimngoja siku mbili na kukataa kula mpaka amwone. Aliuliza kama tulisoma ile ya Jumamosi. Nilimwita Thaddée alete daftari. Alikawia kidogo, akalileta. Nilifungua, nikaona alama nyekundu mbele ya jina, nikaweka kidole juu yake na kumwonyesha Marie. “Ilisomwa, hii hapa. Sisi tunasoma,” nikamwambia. “Kaka yako muulize masikio yake iko wapi.”

Ndivyo nilivyosema kwa mtu aliyefiwa. Nilikuwa na haraka, na nilichukia mtu kushuku redio yetu. Na alipotoka nilitazama kidole changu, nikaona kina wino mwekundu. Alama ya Jumamosi, na Jumatatu wino bado mbichi. Nilikipangusa kwenye kitenge na kuita mtu aliyefuata. Kwa miaka kumi na tisa nilijiambia kwamba chumvi ya zile kuta haikuacha kitu kikauke. Ni uongo. Chumvi ilikuwepo, lakini nilijua.

Mji wote ulijua kilichofuata. Nilisoma kifo mchana ule, kengele tatu, na Nizigama alifika jioni kwa baiskeli kutoka Luberizi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Marie alimfungia mlango wa uani. “Baba alikuita ukiwa na masikio,” alimwambia mbele ya wafiwa wote. “Leo haiko anakuita tena.” Watu walingoja aseme kwamba hakusikia. Hakubisha. Aligeuza baiskeli akarudi alikotoka, na huko kutobisha ndiko kulikommaliza, maana hata waliotaka kumtetea walikosa pa kushika. Siku ya kuganduka, Warundi wanapomaliza kilio na kumweka mtoto mkubwa mahali pa baba, walimweka mdogo wake. Nizigama hakuitwa. Tangu hapo hakuitwa harusi wala ubatizo, na watoto wa Marie walikua bila kumjua mjomba wao anayekaa mwendo wa saa moja tu kwa gari.

“Juu ya nini haukusema?” nilimwuliza Thaddée.

“Siku ya kwanza niliogopa Sylvestre. Mwezi wa pili niliogopa Marie. Kiisha niliogopa miaka.” Alishika kichwa. “Nilikuwa najiambia karatasi iko mu ukuta, haitakwenda fasi. Siku moja nitaitoa, nitawaonyesha pembe nne, wataamini. Bila karatasi nani ataamini? Daftari inasema ilisomwa. Weye ulisema ilisomwa.”

Nilikasirika sana, na kwa kuwa sikuweza kujikasirikia mwenyewe mbele yake, nilimkasirikia yeye. Nilimwita mwoga. Nilimwambia ana moyo wa samaki. Kisha nilivua viatu, nikafunga kitenge juu ya magoti, nikaingia majini naye.

Asubuhi tatu tulifanya kazi ile, mimi na yeye, na wapita njia wakahesabu wendawazimu wawili badala ya mmoja. Ndani kulikuwa na mwanga wa kijani kibichi na harufu ya matope. Kikombe chekundu kilikuwa bado kinaning'inia mlangoni kwenye msumari wake. Nilipaona mahali pa meza yangu, nikaona ndoano niliyokuwa natundika mkoba, na nililia bila kujificha, maana ndani ya maji nani atajua. Ukuta wa kusini ulikuwa umeshaanza kuachia mawe. Thaddée aliyakata magunia kwa panga nami nikayavuta nje, na kila tulipofungua moja tulikuta karatasi chache zenye heri, zilizokuwa juu ya mstari wa maji. Nilisoma mbuzi mweusi aliyepotea Kavimvira. Nilisoma mapacha wa Sange. Zote zimekatwa pembe.

Asubuhi ya tatu alitoka akitembea taratibu, amelikumbatia gunia kifuani. Mshono wa buluu ulikuwa imara, Claudette hanunui uzi mbaya. Tuliukata. Ndani kulikuwa na uji. Karatasi zote zilikuwa zimeshikana zikawa kitu kimoja cha kijivu, na wino umekwenda ziwani. Thaddée aliingiza mikono, akatafuta, akatoa donge, akalifungua kwa kucha kama mtu anayemenya yai, mpaka likaisha mikononi mwake.

“Basi,” alisema. “Imekwisha.”

Na katika sauti yake nilisikia kitu ambacho kilinipandisha damu. Nilisikia amepumua.

“Imekwisha nini? Mudomo yako imelowana pia?”

Alianza kulikunja gunia.

“Thaddée, vaa kiatu. Tunaenda kwa Marie.”

“Hataamini.”

“Asiamini. Lakini atasikia.”

Marie tulimkuta uani anasahihisha madaftari. Amestaafu, lakini watoto wa jirani humletea kazi zao. Thaddée alibaki amesimama, mikono bado ina uji wa karatasi, akasema yote kwa pumzi moja: kikapu, kwaya, uzi, alama nyekundu aliyoipiga nyuma ya mlango huku akisikia kilio chake. Hakuacha kitu wala hakujitetea. Ilikuwa ile sauti yake ya saa kumi na mbili. Nikaelewa kwamba kwa miaka yote ile alikuwa anaomba radhi kweli, kila jioni, mbele ya mji mzima, na sisi tukidhani ni namna ya kusoma.

Marie hakupiga kelele. Aliweka kalamu chini.

“Mwavita,” aliniambia, “na weye ulikuwa unajua?”

Ningeweza kusema hapana. Thaddée hakujua habari ya wino, hakuna aliyejua. Nilinyoosha kidole changu.

“Niliona wino, dada. Ilikuwa mubichi. Nikapangusa.”

Alikitazama kile kidole. Alisema kwamba mlango ule aliufunga kwa mikono yake, si kwa mikono ya redio. Alisema kaka yake hakubisha, na yeye akachukua kutobisha kule kama ushahidi. Kisha aliingia ndani, akavaa viatu vya kwenda kanisani, akatoka.

“Munipeleke,” alisema.

Gari la Bukavu lilituacha Luberizi kabla ya saa sita. Mpunga ulikuwa umeanikwa kwenye turubai kando ya njia, na tulielekezwa nyumba ya bati nyuma ya mfereji. Mwanamume mrefu, mvi kichwani, alikuwa anageuza mpunga wake kwa miguu. Redio ilining'inia kwenye nguzo ya nyumba, waya wake umepanda mpaka kwenye kibao cha jua juu ya bati, na kijana mmoja wa mjini alikuwa anatangaza sabuni.

“Karibuni,” alisema. Ilikuwa sauti ya baba wa Luberizi.

Na mimi, nilipoitikia, alinitambua papo hapo. “Mama wa komunike,” alisema, akatabasamu. Kisha akamwona nani yuko nyuma yangu, na tabasamu likaondoka.

Hakuna aliyekaa. Thaddée alirudia maneno yake mara ya pili siku ile, na mara ya pili yalikuwa magumu zaidi. Aliposema kwamba komunike ile haikusomwa, kwamba haikusomwa kabisa, Nizigama alimkatiza.

“Haikusomwa jioni?”

“Haikusomwa jioni wala saa ingine.”

“Jumamosi, saa kumi na mbili?”

“Niliweka muziki.”

Nizigama alishika nguzo. Alianza kusema polepole, akimwambia dada yake na si sisi. Alisema Jumamosi ile mabuye ya redio yake, yaani betri, yalikuwa yanakaribia kuisha, na Jumapili kulikuwa na mpira. Akaona achunge mabuye. Saa kumi na mbili kasorobo alizimisha redio. Jumatatu alipofika kwa Marie na kuambiwa kwamba aliitwa, alijua ni saa ngapi aliitwa: saa ile ile redio yake ilipokuwa imezimwa.

“Nilikosa ya kubisha,” alisema. “Niliuza baba juu ya mpira. Tangu siku ile sijazimisha redio, Marie. Hata usiku. Nilikuwa napigia huyu mama kila siku juu ya kuuliza kama haiko yenye imebakia.”

Niliwahi kumwuliza hewani kama mke wake alimkimbia. Nilitamani ardhi ya Luberizi inimeze pale pale na mpunga wake.

Thaddée alipiga magoti. Nizigama hakumwinua wala hakumtukana, alimtazama tu kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Mwishowe aliuliza jambo moja.

“Ile karatasi ilikuwa inasema nini?”

Thaddée alitazama mikono yake. Mimi sikuwahi kuiona. Lakini Marie ndiye aliyeiandika, na mwalimu hasahau alichoandika. Alifungua mkoba, akatoa daftari la mtoto wa jirani alilokuwa amelibeba bila kujua, akachana ukurasa wa nyuma, akaandika akiwa amesimama, bila kufuta neno. Alininyooshea mimi.

“Usome,” alisema. “Kama ku redio.”

Nilisema siwezi. Akaendelea kuninyooshea.

Kengele hatukuwa nayo. Thaddée, bado yuko chini, aliokota kijiko kilichokuwa kwenye bakuli la mtu karibu na mlango, akagonga ukingo wa bakuli mara moja. Akaacha. Mara moja tu, maana katika karatasi ile mzee Ndayiragije alikuwa bado hai.

“Komunike,” nilisoma. “Nizigama wa Luberizi anajulishwa na dada yake Marie, mu Uvira, kama baba anamuita. Anasema hatakula mpaka amuone. Aache kazi yote, akuje leo. Mwenye atasikia hii komunike amufikishie.”

Sauti haikunikatika. Miaka kumi na minane ya kazi ilinishikilia mpaka nukta ya mwisho. Kwa mazoea nilitafuta mkasi, na Marie akaichukua karatasi, akaikata pembe kwa meno, akaikunja na kumpa kaka yake.

Nizigama aliitia katika mfuko wa shati. Alinyoosha mkono juu ya nguzo akazima redio, na yule kijana wa sabuni akakatika katikati ya neno. Aliingia ndani. Tulimsikia akifungua sanduku. Alitoka amevaa koti jeusi lenye mikunjo ya kukaa miaka mingi mahali pamoja, akafunga mlango, akaweka ufunguo chini ya jiwe.

“Twende,” alimwambia dada yake. “Ameningojea.”

Marie alimshika mkono. Alimwambia kaburi liko Kavimvira, karibu na njia, na kwamba gari linaweza kutuacha pale pale.